Maswali ya Kijana wa Kamera: Kisa Kimoja cha Buswelu

Mhusika wa kisa hiki ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, anayeishi Buswelu katika wilaya ya Ilemela, kwenye nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Anakaa na dada wa kazi na mjukuu wa darasa la nne. Mwanawe mkubwa yuko Dar es Salaam, na ndiye aliyeniomba nipite nikaangalie kuna nini. Niseme mapema kwamba riziki yangu ni kufunga kamera na fensi za umeme hapa Mwanza. Kisa kinaanza na simu aliyopigiwa Mwalimu na muuzaji wa kamera, na aliyepiga ni mshindani wangu, kwa hiyo anayesoma ayapime maneno yangu akilijua hilo.

Mwalimu ana kumbukumbu ya mtu aliyesimamia mitihani maisha yake yote. Mazungumzo alinisimulia hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mama, napiga kutoka kampuni ya ulinzi wa majumbani. Wiki hii tuna ofa kwa wakazi wa Buswelu, maana wizi umezidi. Hapo kwa jirani yako tumeshafunga. Sijui kwako mama ni ukuta au michongoma?"

"Mbele ukuta, nyuma bado michongoma. Hela ilituishia."

"Pole mama. Mlinzi wa usiku yupo?"

"Alikuwepo, tukamwachisha. Analala kuliko sisi."

Kijana akacheka, naye Mwalimu akacheka. Kisha akaulizwa kama kuna mbwa, akasema yupo lakini ni mzee mwenzake. Akaulizwa kama baba yupo azungumze naye kidogo, akasema baba alishatangulia mbele za haki. Akapewa pole, na pole yenyewe ilikuwa ya adabu. Akaulizwa wanalala wangapi, "ili tujue mfumo wa ukubwa gani." Mwisho kijana akauliza fundi apite lini kupima. Mwalimu akajibu kama ambavyo mtu yeyote muungwana angejibu: "Ijumaa sitakuwepo, nakwenda Nansio kwenye arobaini ya shemeji yangu, narudi Jumapili. Njooni Jumatatu."

Tukitazama swali mojamoja hakuna lililo baya. Muuzaji kuuliza kama kuna ukuta ni jambo la kawaida, na kuuliza siku ya kupita ni la kawaida zaidi. Ila ukiyaweka majibu pamoja, mtu asiyejulikana sasa anafahamu kwamba kuna nyumba Buswelu ambayo nyuma yake ni michongoma, haina mlinzi, mbwa wake ni mzee, haina mwanamume mtu mzima, na kuanzia Ijumaa hadi Jumapili itabaki na msichana na mtoto. Mwizi angelazimika kupita pale siku nyingi, akijifanya muuza vyungu au fundi baiskeli, ndipo ayajue hayo. Huyu ameyapata kwa muda wa vocha ndogo.

Mwanawe alipoyasikia alipandisha sauti kwenye simu: kwa nini mama hakukata? Swali hilo lilimuumiza Mwalimu kuliko kisa chenyewe, na mimi naona si la haki. Mtu aliyekuamkia shikamoo ukaitikia marahaba humkatii simu. Umeshamkubali kuwa mtoto wako kwa dakika hizo, na mtoto akiuliza huwa anajibiwa. Vijana wa mauzo wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hawaanzi na bei. Kwa hiyo ushauri wa "kata tu" unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unamfaa kijana wa mjini. Mama wa miaka sitini na kitu hataufuata hata akiahidi, na akiufuata atakaa siku nzima akijiona amekosa utu. Anachohitaji ni maneno ya kufunga mazungumzo bila kufunga heshima, na hayo nitayafikia.

Kwanza kipimo. Fundi yeyote wa kazi hii anajua kinachobadilisha bei: mita za waya kutoka kila kamera hadi kwenye mashine ya kurekodi, idadi ya pembe za kuona, giza la usiku upande wa nyuma, mahali umeme ulipo, na unataka picha zikae siku ngapi kabla hazijafutika. Fensi ya umeme bei yake inafuata urefu wa ukuta. Je, idadi ya wanaolala ndani inabadilisha bei? Haibadilishi hata shilingi. Umri wa mbwa haubadilishi. Baba kuwepo au kutokuwepo hakubadilishi, labda kwa muuzaji anayetaka kujua nani ana sauti ya mwisho kwenye pesa. Na hata yale yanayobadilisha bei hayapimwi kwenye simu. Mimi sijawahi kutoa makadirio ya kweli bila kufika na kuona, hasa hapa Mwanza ambako nyumba imekaa juu ya jiwe, ukuta unapanda na kushuka, na waya wa mita ishirini kwenye mchoro unageuka arobaini ukifika mlimani. Basi muuzaji wa kweli hapotezi chochote ukikataa kumjibu kwenye simu. Anachohitaji ni ruhusa ya kuja, siku utakayopanga wewe.

Siku ya Alhamisi simu iliita tena, namba tofauti. Mwalimu alikuwa anaoga, dada akapokea. Sauti ilikuwa ya yule yule, na alichouliza kwanza ni: "Mama ameshasafiri?"

Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilipofika nilimkuta mwenyekiti wa mtaa ameshakaa barazani, na mwana yuko kwenye spika kutoka Dar. Mabishano yalikuwa makali. Mwana anasema huyo ni mwizi, namba zipelekwe polisi leo. Mwenyekiti anasema vijana wanahangaikia maisha, tusimfunge mtoto wa mtu kwa kuuliza kama mama amesafiri, huenda alikuwa anahakikisha miadi ya Jumatatu. Kila mmoja alikuwa na hoja. Mimi niliona wanabishania jambo ambalo lingeweza kusubiri. Awe mwizi au muuzaji, Ijumaa inakuja kesho, na taarifa ikishatoka hairudi mdomoni. Kinachoweza kubadilika ni nyumba. Mpwa wa Mwalimu anayesoma chuo Malimbe akaombwa aje alale pale siku hizo tatu. Vijana wa ulinzi shirikishi wakaambiwa wapitie upande wa michongoma. Taa ya nyuma, iliyokuwa imeungua tangu masika, ikabadilishwa jioni ile ile. Mwalimu akapanda meli yake kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kama alivyopanga. Alikataa kabisa kuahirisha arobaini kwa sababu ya simu, na nilimpenda kwa hilo.

Mwana alikuwa ameshamwelekeza dada azuie ile namba ya kwanza. Haina ubaya, lakini kumbuka simu ya pili ilitoka kwenye laini nyingine. Kuzuia namba kunapunguza kero tu. Alikuwa pia ameitazama kwenye Truecaller, programu ya simu inayoonyesha jina la namba, ikamtokea "Fundi Kamera Mza," akasema afadhali, basi anajulikana. Jina la namna hiyo mara nyingi linatokana na jinsi watu wengine walivyoihifadhi namba kwenye simu zao, au mwenye namba alivyojiandika mwenyewe. Halithibitishi lolote. Kilicho na uzito kidogo ni usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, ambao tangu Januari 2020 laini isiyokuwa nao ilianza kufungwa. Polisi wakitaka, wana pa kuanzia. Ila sote tunajua laini zinavyosajiliwa kwa jina la shangazi kijijini, kwa hiyo tusilale kwa hilo.

Mwalimu aliporudi Jumapili nyumba ilikuwa salama. Jumatatu, badala ya kumsubiri fundi, alipiga yeye. Maneno aliyatunga mwenyewe na kuyaandika nyuma ya kalenda, na nayaweka hapa kama yalivyo kwa sababu sijaona bora zaidi:

"Mwanangu, asante kwa kunikumbuka. Mambo ya nyumba yangu siyazungumzi kwenye simu, ni utaratibu wetu hapa nyumbani. Nipe jina la biashara na mahali duka lilipo, nitafika mwenyewe."

Ona alivyofanya. Hakumwita mwongo. Hakudanganya kwamba ana mlinzi na mbwa watatu, ushauri ambao nimeusikia mara nyingi na siupendi, kwani uongo wa papo kwa papo unavunjika kwenye swali la pili. Amesema "utaratibu wetu hapa nyumbani," kwa hiyo hata dada anaweza kuyasema maneno hayo hayo bila kuonekana anajiamulia. Na ombi lake linafaa kwa wote wawili. Muuzaji halali akisikia mteja anakuja dukani anafurahi. Asiye na duka ataanza kusema ofisi inahamishwa, meneja amesafiri, tutakufuata mama usisumbuke.

Kijana alifurahi. Akataja duka katikati ya mji, si mbali na Makoroboi.

Tulikwenda watatu: Mwalimu, mwenyekiti na mimi. Duka lipo. Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi zimetundikwa ukutani, mashine ya EFD ya risiti za kodi iko mezani, kamera za maonyesho zinawaka. Nilikuwa nimelitafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, kabla hatujaondoka nyumbani, nikalikuta. Kijana mwenyewe ana umri wa miaka ishirini na kitu, hana mshahara, analipwa kamisheni kwa kila nyumba inayofungwa. Namba mbili ni simu mbili, moja chaji ilikuwa imeisha. Na Alhamisi aliuliza kama mama amesafiri kwa sababu alikuwa na fundi upande wa Buswelu siku ile, akataka kuwahi kupima kabla ya safari. Nilimwamini. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho la ushindi, na ushindi ulikuwa wake.

Namba ya Mwalimu aliipata wapi? Kwenye maonesho ya Nane Nane viwanja vya Nyamhongolo duka lilikuwa na banda, na kulikuwa na boksi la droo: andika jina, simu na mtaa, ushinde king'ora. Mwalimu alikumbuka mara moja. Alijaza kadi yake, akajaza na ya mjukuu. Wengi wetu tunashangaa wapiga simu wanatupata vipi, huku namba zetu tumeziandika wenyewe kwenye daftari la wakala wa pesa, daftari la wageni getini kwenye kila ofisi, na karatasi ya michango ya harusi inayopigwa picha na kutumwa kwa watu mia mbili.

Mpaka hapo ungesema kisa kimeisha: kijana ni mwaminifu, duka ni halali, mwana wa Dar alikuwa na hofu ya bure. Mimi pia nilikaribia kusema hivyo. Kisha kijana, akitaka kumwonyesha Mwalimu kwamba alimsikiliza vizuri, akafungua kaunta buku.

Kila mstari ulikuwa nyumba. Mtaa, jina, simu, halafu maelezo. Kwa Mwalimu yaliandikwa: mjane, nyuma michongoma, hana mlinzi, mbwa mzee, wanalala watatu, Ijumaa hadi Jumapili hayupo. Juu yake nyumba ya Nyasaka, mume yuko mgodini Geita. Chini yake ya Kiseke, wanarudi saa mbili usiku, funguo kwa jirani. Kurasa na kurasa. Na daftari hilo linalala kwenye begi la kijana, linapanda naye daladala, linabaki juu ya meza ya duka anapokwenda kula.

Hili ndilo jambo ambalo sisi wote watatu tulikuwa hatujaliona tulipokuwa tunabishana kama ni mwizi au muuzaji. Uaminifu wa mpiga simu haulindi majibu yako. Kijana mwema alikuwa amekusanya, kwa jasho lake mwenyewe, orodha ambayo mwizi angeinunua kwa bei kubwa kuliko kamisheni ya mwaka mzima.

Mwenye duka alilichukulia kama utani. "Mwalimu, hayo ni maelezo ya wateja tu, yanamsaidia kijana asisahau." Mwalimu hakubishana. Alimgeukia kijana akamwambia asimame asome ukurasa ule kwa sauti, kama darasani. Kijana, masikini, akasimama akaanza kusoma. Alipofika nyumba ya tatu mteja mmoja aliingia, akasimama mlangoni, na mwenye duka akasema upesi, "Basi, basi, funga hilo daftari."

"Kwa nini alifunge?" Mwalimu akauliza. "Si maelezo ya wateja tu?"

Sheria ipo upande wake, ingawa pale dukani haikuhitajika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, zisizidi lengo hilo, na zitunzwe salama. Inampa mhusika haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Kujaza kadi ya droo hakumpi mtu ruhusa ya kuandika nani amefiwa na mume. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayetuma matangazo ambayo hayakuombwa awe na ridhaa ya mlengwa, ajitambulishe mwanzoni, na aache njia ya kukataa. Namba 15040, ambayo wengi wanaifahamu, ni ya kuripoti matapeli wa "tuma kwa namba hii." Hapa hakuna aliyeomba pesa, kwa hiyo haikuhusika. Wenzetu Marekani wana daftari la kitaifa la wasiotaka simu za mauzo tangu 2003, na bado wanalia na simu za mifumo ya ulinzi, kwa sababu daftari husomwa na mwaminifu tu.

Kurasa zilichanwa mbele yetu, na mwenye duka akakubali kwamba kuanzia sasa kwenye simu kijana atauliza mambo mawili: unahitaji, na uje lini wewe au tuje lini sisi. Yaliyobaki fundi atayaona kwa macho na hayaandikwi pembeni ya jina.

Kisha Mwalimu akafanya jambo lililonichoma kidogo. Akaagiza kamera nne pale pale. Bei yao ilikuwa nafuu kuliko yangu, na alisema kijana aliyesimama kusoma mbele ya watu anastahili kamisheni yake. Masharti aliyaweka yeye: kianzio kwa lipa namba yenye jina la biashara, ambalo linaonekana kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, risiti ya EFD, salio baada ya kuona picha za usiku. Nilichomwongezea mimi ni nenosiri. Mafundi wengi, nikiwemo na ndugu zangu wa kazi, huunganisha mashine na simu zao kwanza ili kujaribu, kisha wanasahau kujitoa, na nenosiri la kiwandani linabaki vile vile. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi mno duniani kwa kujaribu manenosiri hayo ya kiwandani tu. Fundi akimaliza, mwenye nyumba abadilishe nenosiri yeye mwenyewe, fundi akiwa ameangalia pembeni, na ahakikishe ni simu za nyumbani tu zinazoona picha. Mwalimu aliweka neno ambalo hata mwanawe hajaambiwa.

Kwenye kikao cha mtaa kilichofuata mwenyekiti alieleza kisa bila kutaja duka. Mama mmoja wa nyumba za juu akanyoosha mkono. Naye alipigiwa, akaulizwa yale yale: ukuta, mlinzi, mbwa, wanalala wangapi. Alitajiwa jina la duka lile lile. Alijibu yote, kwa sababu jirani zake walishapigiwa na walisema ni vijana wa kamera. Tulimpigia kijana tukiwa kikaoni. Nyumba ile haijui, namba ile si ya kwao, na duka halina mtu mwingine anayepiga simu.

Mama yule amebadilisha kufuli na ratiba ya kutoka. Namba, saa simu ilipoingia na maswali kwa mpangilio wake tuliandika kwenye karatasi moja, na mwenyekiti ameipeleka kwa mkaguzi wa polisi wa kata. Mwenye duka naye ameitwa aeleze ni nani wengine waliowahi kulishika lile daftari.